Buti Zinazovuja

Mtu wa kwetu akiona tundu, mkono unamwasha mpaka aliwekee kizibo. Si ubaya, ni malezi. Kabla mto Tana haujazuiwa na bwawa la Masinga kusogea karibu na milango yetu, mama zetu walichimba mchanga wa vijito vilivyokauka, wakasubiri maji yajikusanye, wakayachota kwa kibuyu, kisha wakaanza safari ya kurudi. Mtungi uliovuja ulikuwa na maana moja tu, nayo ni safari nyingine. Kwa hiyo tumekua tukipima kila kitu kwa maji: ndoo, jerikeni, sufuria, hata paa la nyumba. Bwawa lilipokuja, na watu wa mbuzi na mtama wakajikuta wanajifunza uvuvi, tukaanza kupima na viatu vya kuingilia majini kwa njia ile ile. Unajaza kiatu maji, unakiinua juu, unakitazama chini ya tumbo. Kikidondosha hata tone, unakirudisha. Kikitulia, unauliza bei.

Mimi Mwongeli nilikuwa bingwa wa kazi hiyo. Wanawake wa upande wetu walikuwa wakinipitia nyumbani siku ya soko ili nikawapimie ndoo. Sijisifu, nasema lililokuwepo.

Mwaka ule uliofuata mvua za El Nino, bwawa lilifurika likapanda mpaka kwenye kichaka cha migunga kilicho chini ya shamba letu. Migunga ikasimama kiunoni majini, na tilapia wakahamia humo kwa maelfu, kula na kuzaa na kunenepa. Mashua hazikuweza kupenya katikati ya matawi. Mtu wa miguu mitupu naye hakuweza kukanyaga, kwa kuwa chini kulikuwa na miiba iliyoanguka tangu miti ile izaliwe. Samaki walirukaruka mbele ya macho yetu, nasi tukawa watazamaji.

Mume wangu Laban alikuwa mlinzi wa machimbo ya mawe huko Mlolongo, kwenye barabara ya Mombasa. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, na mara nyingine mwisho wa mwezi ulipita bila yeye. Kazi ni kazi, sikatai. Lakini jioni moja alipofika, mtoto wetu Mutheu, ambaye hata kuhesabu vidole alikuwa hajui, akamletea kiti, akamsalimu kwa adabu zote, kisha akanikimbilia jikoni kuniambia, "Mama, kuna mgeni." Laban alisikia. Siku ile hakula vizuri.

Alipopata likizo baada ya Pasaka alinikalisha chini akasema, "Mwongeli, wacha nijaribu hii maji. Ikinilisha, sirudi Mlolongo. Ikikataa, likizo ikiisha Jumatatu niko kwa geti, na usiniulize tena."

Nikakubali kabla hajamaliza. Nilimtaka nyumbani. Nilimtaka na kukoroma kwake, na kelele zake za kutafuta kofia aliyoivaa kichwani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mume wa mbali hashiki hata mlango uliolegea bawaba.

Akapata nyavu mbili kuukuu kutoka kwa Josphat, jirani yetu mwenye mashua, akaingia kichakani miguu mitupu. Hakumaliza siku mbili. Mwiba wa mgunga ukamwingia unyayoni, tukautoa kwa sindano ya kushonea magunia huku yeye akimwomba Mungu kwa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Likizo ikafika katikati akiwa ameweka mguu juu ya kiti.

"Bila viatu," akasema, "hii kazi imeisha."

"Viatu niachie mimi," nikamwambia.

Basi Jumatano nikaenda kwa Haweya. Haweya aliuza viatu vya mitumba kwenye kibanda cha mabati kando ya soko la mbuzi, ambako mumewe alinunua mifugo ya kupeleka Nairobi. Ni Msomali aliyezaliwa Machakos mjini, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wangu. Lakini biashara ikianza alikuwa anahamia Kiswahili, kwa sababu, alisema, Kikamba kinamfanya apunguze bei.

"Mama Mutheu, karibu! Leo unataka ya kanisa ama ya shamba?"

"Nataka ya maji, Mama Mahad. Ya bwana yangu. Ikuwe haivuji, ikuwe haitoboki, na ikuwe bei ya mtu maskini."

"Hiyo bei ya mwisho sijawahi kusikia, lakini kaa."

Mlangoni pa kibanda alikaa fundi Musyoka, mshona viatu, na mkebe wa gundi na vipande vya tyubu ya baiskeli. Mbele yake palikuwa na rundo la buti za turubai rangi ya majivu, zenye kamba ndefu na soli laini. Kila buti ilikuwa na vitundu viwili vidogo ubavuni, karibu na soli, na Musyoka alikuwa akiviziba kimoja kimoja.

"Na hizo je?" nikauliza.

"Hizo usiangalie," Haweya akasema. "Zilikuja kwa belo moja, zote zinavuja. Sijui hiyo kiwanda ilikuwa inaandika watu aina gani. Kila mteja akipima, maji chini. Ndio nimemwambia Musyoka azizibe."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Musyoka akasema bila kuinua kichwa.

Nikaipima moja ambayo alikuwa hajaifikia. Maji yalitoka kabla sijamaliza kuijaza. Nikaitupa kwenye rundo na kupangusa mikono kwenye leso, na Haweya akatikisa kichwa kuniunga mkono. Kisha akanitolea gambuti nyeusi zenye kung'aa, ndefu mpaka gotini. Nikazijaza, nikaziinua, nikazungusha. Hakuna tone. Nikaziacha juani zikiwa zimejaa, nikapiga soga na mwenye kuuza nyanya, nikarudi. Hakuna tone. Wateja waliokuwepo wakanipigia makofi.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Haweya akasema, akanitajia bei ya kunitoa machozi. Tulivutana mpaka kuku wangu wawili wa mayai na jogoo mmoja wakabadilisha mwenyewe. Nilirudi nyumbani na gambuti begani, nikiimba.

Alhamisi tukashuka majini. Josphat akasogeza mashua yake ili aone. Laban alivaa gambuti zake akatembea kama mkubwa anayekagua gwaride. Maji yakamfika kwenye vifundo, miguu mikavu. Yakamfika nusu ya muundi, miguu mikavu. Akageuka akanipungia mkono, nami nikawapungia watu wote waliokuwa ufukoni.

Samaki, hata hivyo, hawakai kwenye maji ya nusu muundi. Laban akapiga hatua nyingine, na nyingine, na maji yakapita mdomo wa buti. Gambuti zikanywa mpaka zikashiba, na kwa vile nilikuwa nimezichagua kwa uhodari, hazikutema kitu. Chini kulikuwa na lile tope letu la kunata ambalo hata ng'ombe huliogopa. Laban akavuta mguu wa kulia, haukuja. Akavuta wa kushoto, nao ukaamua kubaki na mwenzake.

"Mwongeli!" akaita. "Miguu imekataa!"

"Vuta!"

"Navuta! Lakini ni mimi ndio naenda chini!"

Josphat alicheka mpaka kasia likamponyoka. Nilikimbia kuleta kamba ya punda, tukamtupia, tukavuta mimi na Josphat na mpita njia mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda kliniki. Laban akatoka kwa tumbo, buti miguuni, zimejaa pomoni. Nilipogeuza buti moja, maji yakamwagika, na mwisho wa maji akatoka tilapia mdogo kama kidole, akirukaruka kwenye nyasi.

"Huo mtego wenu ni mpya," Josphat akasema. "Sijawahi kuona."

Huyo ndiye samaki pekee tuliyempata siku ile. Kabla ya jioni Laban alikuwa ameshapewa jina. "Habari ya saa hizi, Mtungi," watu wakamsalimu wakipita na punda wao, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka mara mbili kabla sijamwangalia usoni. Yeye hakucheka. Aliingia ndani, akatoa sare yake ya ulinzi, akaifua, akaianika kwenye kamba mbele ya nyumba. Nikaogopa. Mvua ile kubwa ilipobomoa jiko letu sikuogopa, lakini sare ile ikipepea iliniogopesha.

Ijumaa nilizibeba zile gambuti nikaenda nazo sokoni kwa mwendo wa kugombana. Nikakuta Haweya amekwenda nyumbani kuswali. Hasira ikingojeshwa juani haipoi, inaiva. Musyoka alikuwepo, basi nikaanza kumkasirikia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Haweya aliporudi, akiwa na shungi safi na uso wa amani, nilikuwa nimeshapata joto la kutosha.

"Mama Mahad, uliniuzia mawe!"

"Aiya, mawe gani tena? Hata salamu hakuna?"

"Salamu utapata nikimaliza. Karibu bwana yangu akufe kwa maji. Hii kitu ilijaa ikamshika, tukamtoa na kamba kama punda."

Haweya akaichukua gambuti moja polepole, akachota maji kwenye ndoo yake, akaijaza, akaiweka juu ya meza katikati yetu.

"Uliniambia unataka haivuji?"

"Nilisema."

"Imevuja?"

"Haijavuja."

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Sasa makosa yangu iko wapi, abaayo?"

Abaayo ni dada, kwa Kisomali, na Haweya hulitoa neno hilo akijua ameshinda. Nikapaza sauti zaidi. Watu wakaanza kukusanyika. Musyoka, ambaye hapendi ugomvi mahali pa kazi, akainuka na buti moja ya turubai.

"Mama, wacha kelele," akaniambia. "Chukua hii, ni bei ya chini sana. Nimeziba mpaka upepo haupiti. Angalia."

Akaijaza maji mpaka juu, akaiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake ili soko lote lione. "Kuna tone?" akauliza. "Nauliza, kuna tone?"

Kizibo cha tyubu kikafyatuka. Maji yakamwingia Musyoka shingoni, yakashuka ndani ya shati, na alipogeuza buti ili ajiokoe, kizibo cha upande wa pili nacho kikafyatuka kikampata mwenye nyanya. Musyoka alipomaliza kusema yale aliyoyasema, ambayo siyaandiki hapa, buti ilikuwa tupu, inaning'inia mkononi mwake nyepesi.

Musyoka akaikemea ile buti. Haweya akaikemea. Nikafungua mdomo nami niikemee, macho yakanitangulia. Niliitazama buti tupu, kisha nikaitazama gambuti juu ya meza, ambayo bado ilikuwa imeshikilia maji yake kama bahili. Maji yaliyomnasa Laban yaliingia kwa juu. Kwa juu! Hakuna kizibo duniani ambacho kingeyakataza. Shida haikuwa yanaingia wapi, shida ilikuwa yakishaingia yatatokea wapi.

"Musyoka," nikasema, "hebu lete nyingine ambayo hujaziba."

"Ambayo sijaziba? Ya nini?"

"Lete tu."

Akaleta. Nikaizamisha yote kwenye ndoo ya Haweya, nikaiinua. Ikatema maji kwa pande zote mbili, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi ilikuwa tupu. Nikaigeuza ubavu. Kila kitundu kilikuwa kimevalishwa pete ndogo ya shaba.

"Hizi pete uliweka wewe?"

"Mimi? Zilikuja nazo."

"Mtu akitoboa kiatu kwa bahati mbaya, ataivalisha pete?"

Haweya alikaa juu ya belo polepole, akashika kiuno. Kicheko chake kilianza tumboni, nikakiona kikipanda.

"Wallahi, Mama Mutheu," akasema. "Babu yangu alitembea na ngamia mpaka nyayo zikaisha, anatafuta maji. Akisikia mimi nauza kitu ya kumwaga maji, atanikana."

"Na nyanya yangu atanichapa na kibuyu," nikasema.

Tulicheka mpaka tukashikana mabega, mimi Mkamba na yeye Msomali, watu wawili wa nchi kavu tuliosimama pale tukiziba milango ya maji kwa gundi. Hasira yangu sijui ilienda wapi. Musyoka peke yake hakucheka, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na rundo la buti alizokwisha kuziba, na alitaka kujua nani atamlipa kwa kuziba na nani atamlipa kwa kuzibua.

Haweya naye hakuchelewa kukumbuka biashara. "Sasa hizi ni buti za samaki," akasema akijipangusa macho. "Bei imepanda."

"Imepanda saa ngapi? Jumatano ulisema nisiziangalie!"

"Jumatano nilikuwa sijui."

"Na nani amekufundisha? Si ni mimi? Nilipe karo!"

Tulivutana, lakini kwa raha. Mwisho akakubali nimwachie gambuti zake, ambazo angewauzia watu wa kukamua ng'ombe, nami nichague buti ninazotaka, pamoja na kazi ya Musyoka juu.

Hapo ndipo nilipoanza kuchagua upya. Niliacha ndoo. Nilivuta turubai kwa kucha kuona kama inalegea, nikauma uzi wa mishono, nikatazama vitundu viwe chini kabisa karibu na soli, maana kitundu cha juu kingebakisha maji. Nilitaka zinazopanda juu ya kifundo na kamba za kukaza, ili tope likivuta lisipate cha kuvua. Nilizijaribu miguuni mwangu, kwa kuwa mimi na Laban tunavaa saizi moja, jambo ambalo yeye hapendi litajwe mbele za watu. Zilinikaa vizuri. Kisha nikaokota mwiba wa mgunga uani nikausukuma kwenye soli, ukazama kama kwenye ugali.

"Hii haifiki mbali," nikasema.

Macho ya Musyoka yakapata uhai. "Soli niachie mimi. Nitaweka tairi."

Wazee wetu wamevaa viatu vya tairi miaka na miaka, wanaviita akala, na hakuna aliyewahi kuviona vikiisha. Mwenye navyo huisha kwanza. Musyoka akakata tairi la lori kwa kisu chake cha mundu, akalishona chini ya buti. Nikamkataza uzi wa pamba kwa kuwa huoza majini. Nilimletea uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, akashona mara mbili kuzunguka, na Jumamosi jioni zikawa tayari. Hazikuwa na sura ya kupeleka kanisani. Lakini nilipozishika nilijua zitafaa, nikarudi nyumbani karibu kukimbia.

Jumapili baada ya ibada nikaziweka mbele ya Laban. Alikuwa anapiga pasi ile sare.

"Ni nini hii?"

"Buti."

Akaingiza kidole kwenye kitundu, akachungulia ndani, akakiona kidole chake.

"Mwongeli," akasema, "Alhamisi nilikuwa mtungi. Sasa unataka nikuwe chujio?"

Nikamweleza yote, maji ya kuingia na maji ya kutoka, pete za shaba, soli ya lori. Nilimweleza vizuri, kwa upole ambao mimi mwenyewe niliustaajabia. Akasikiliza huku pasi ikienda na kurudi.

"Siwezi kupatia hawa watu kicheko ingine," akasema. "Nishajaribu. Kesho asubuhi naenda."

"Jaribu mara moja tu."

"Nimesema naenda."

Ule upole ukaniisha. Nilikaa chini pale pale mlangoni, nikavaa buti, nikakaza kamba mpaka mwisho, nikafunga leso kiunoni, nikachukua nyavu.

"Unaenda wapi na hizo?"

"Kuoga," nikamjibu.

Upande wetu hakuna mwanamke aliyewahi kutega nyavu. Nilikuwa nimesahau, lakini watu walinikumbusha kwa macho njiani. Josphat alikuwa kwenye mashua, na aliponiona akawaita na wenzake wawili ili kicheko kisipotee bure. Hata hivyo alizunguka kwanza kukagua kichaka, kwa kuwa bwawa lina mamba na viboko, na pamoja na kucheka kwake kote, jambo hilo halifanyii mzaha. Akanionyesha mkono kwamba ni salama. Nikaingia.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikajiambia. Yakafika vifundoni na papo hapo yakaingia kwa vile vitundu, baridi, nikapiga yowe. Josphat akacheka. Nikainua mguu. Buti ikatema maji pembeni, fyuu, na mguu ukatoka mwepesi. Nikapiga hatua. Fyuu. Nyingine. Yakapita gotini, yakaingia kwa juu jinsi yanavyopenda, yakatoka kwa chini. Tope likanishika, likavuta, kamba zikakataa, nikang'oka. Chini ya tairi nilisikia miiba ikivunjika, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja ulionigusa.

Sijui niseme vipi nilivyofurahi. Nilikuwa nimeyabeba maji mgongoni tangu nikiwa mtoto, na kamba ya mtungi imeniachia alama kwenye paji la uso. Siku ile ndiyo mara ya kwanza maji yalinibeba mimi. Nilifunga nyavu kwenye mgunga wa kwanza, nikazivuta mpaka wa pili, nikipiga maji kwa mkono kuwashtua samaki, nikicheka peke yangu. Nyavu zilianza kutikisika kabla sijafunga fundo la pili. Tilapia mpana kama sahani, kisha mwingine, kisha watatu kwa pamoja. Niliwajaza kwenye gunia nililolining'iniza shingoni.

Kicheko cha Josphat kilikuwa kimekoma. "Mama Mutheu," akaita kwa adabu mpya, "hizo ulinunua wapi?"

"Kwa Mama Mahad! Sema unataka zinazovuja!"

Laban alikuwa ameshuka ufukoni, sijui saa ngapi. Kwanza alinielekeza kwa kelele. "Kaza hapo! Si hapo, hapo kwa tawi kubwa!" Kisha akakunja suruali, akaingia miguu mitupu ili apokee gunia, akafika magotini, akakanyaga mwiba, akarudi nchi kavu akiruka kwa mguu mmoja. Mutheu alikuwa amemfuata, akamshika mkono ili asianguke.

"Toka, nivae mimi!" akaita.

"Sitoki!"

"Si ulininunulia mimi?"

"Nilikununulia, ukakataa! Josphat ni shahidi!"

"Ni kweli," Josphat akasema. "Tulisikia mpaka huku." Alikuwa hajasikia chochote, lakini alishajua mashua ya kupanda.

Nilisema kwa mzaha, kisha nikagundua si mzaha. Buti nilizitafuta kwa ajili ya mume wangu, na sasa sikutaka kuzivua. Laban akasimama, mtoto mkononi, akitazama juu kuelekea nyumbani, ambako sare yake ilikuwa imenyooshwa na kukunjwa. Furaha ikanishuka ghafla. Nikadhani nimemwudhi, nikadhani nimeshinda kichaka nikampoteza yeye. Nikaanza kufungua fundo la nyavu ili nitoke nimpe.

"Mwongeli!" akaita.

"Nini?"

"Huyo Mama Mahad, kesho anafungua saa ngapi?"

Kesho ilikuwa Jumatatu. Nikalikaza upya lile fundo nililokuwa nafungua, nimeinamisha kichwa, maana sikutaka Josphat aone uso wangu.

"Akishaswali alfajiri," nikamjibu. "Lakini uwahi, Josphat naye ameuliza."